Kipande, Kadi na Daftari

Kikao kiliitwa saa tatu asubuhi, kikaanza saa tano. Ilikuwa mwaka 2024, chini ya mwembe nyuma ya ofisi ya kijiji, kilomita chache kutoka Muheza mjini. Afisa aliyetoka wilayani alikuwa amekuja kutueleza habari za bima ya afya kwa wote. Alikuwa kijana mpole mwenye bahasha ya makaratasi kwapani, na alianza kwa kuuliza nani kati yetu anajua maana ya bima.

Watu wakanyamaza. Kisha Bibi yangu, aliyekuwa amekaa mkekani pamoja na akina mama wenzake, akasema bila kuinua mkono: "Bima tunaijua, baba. Tunachouliza ni hiki: huyo atakayeshika fedha zetu, atakuwepo?"

Watu wakacheka. Afisa naye akacheka, akaandika kitu kwenye karatasi yake, akaendelea na maelezo. Swali likapita bila kujibiwa.

Mimi nilikuwa pale na kinasa sauti mfukoni. Nasoma shahada ya uzamili ya historia, na nilikuwa nimekwenda kijijini kwetu kukusanya simulizi za wazee kuhusu zahanati za mashamba ya mkonge. Nilikiona kikao kile kama siku iliyopotea. Jioni, nilipokuwa nasikiliza upya nilichorekodi, niligundua kwamba Bibi alikuwa ameuliza swali la tasnifu yangu kwa maneno machache kuliko mimi, na kwamba yeye analiuliza tangu kabla sijazaliwa.

*

Wazee wa kijiwe cha kahawa pale kwetu wana mazungumzo yasiyoisha. Wanahesabu vilivyoondoka. Mmoja ataanza na sinema, mwingine ataleta timu ya mpira ya shamba, wa tatu atataja duka la ushirika, na mwisho wote watafika kwenye treni.

Reli ya Tanga ni ya zamani kuliko karibu kila kitu tunachokiita chetu. Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1893, ikapita Muheza, ikafika Korogwe mwaka 1902, kisha ikaendelea hadi Moshi. Mama zetu walikuwa wakiuza machungwa madirishani mwa mabehewa. Katika miaka ya 1990 treni ya abiria ikaacha kuja. Desemba 2019 treni ya abiria ya Dar es Salaam ilirudi Moshi baada ya takriban miaka 25, na nchi nzima ikafurahi. Pale kijiweni furaha ilikuwa nusu. Treni ile hutokea Ruvu na kuingia njia yetu ya zamani pale Mnyusi, halafu inapinda kuelekea Korogwe. Muheza iko upande wa pili, upande wa kwenda Tanga. "Imerudi," aliniambia mzee mmoja, "ila imetupa mgongo."

Baada ya treni huja mkonge. Hapo sauti hupungua, kwa sababu hapo hawazungumzii tena starehe.

Mkonge uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Richard Hindorf, Mjerumani mtaalamu wa kilimo. Kati ya miche aliyoagiza kutoka Marekani, ni 62 tu iliyosalimika safarini, ikapandwa karibu na Pangani. Kutoka hapo mkonge ukatambaa mkoa mzima wa Tanga na mbali zaidi. Mwaka 1964 Tanganyika ilizalisha takriban tani 230,000, na hakuna nchi iliyoipita duniani. Mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi kama tani 20,000. Kamba za plastiki zilikuwa zimeshika soko, bei ilikuwa imeanguka, mashamba yaliyotaifishwa baada ya Azimio la Arusha yalikuwa hayana mitambo wala mitaji, na wafanyakazi wengine walikuwa wanadai mishahara ya miezi.

Hayo yote yamo vitabuni. Ambalo sikulikuta kwa urahisi vitabuni ni hili: kwa watu wa kambi, mkonge ulipoanguka, tiba nayo ilianguka.

*

Babu yangu alizaliwa Songea. Alifika Tanga mwaka 1955, kijana asiyefika miaka 20, kupitia Silabu, ile ofisi ya wenye mashamba iliyokuwa ikikusanya vibarua kutoka mbali: Songea, Kigoma, Ruanda-Urundi, Msumbiji. Waliandikwa kwa namba, wakasafirishwa kwa namba, na ndiyo maana wakaitwa manamba. Alipangiwa kukata mkonge, baadaye akahamishiwa korona, kiwanda cha kusindika majani, akabaki huko mpaka mwisho.

Karatasi yake ya kwanza ilikuwa kipande. Kilikuwa na visanduku vya siku za kazi. Ukimaliza kazi uliyopimiwa, mnyapara anakutilia alama. Zikitimia siku 30, unalipwa. Usipomaliza, siku haihesabiwi, hata kama umeshinda juani.

Sheria ya kikoloni ya kazi ilimtaka mwajiri ampe kibarua wa mkataba mahali pa kulala na matibabu. Kwa hiyo shamba la Babu lilikuwa na zahanati. Wazee niliowahoji wanaikumbuka hadi rangi ya dirisha. Asubuhi kabla ya kazi unapanga mstari, unaonyesha kipande, unapewa dawa au unapewa ruhusa ya kupumzika. Mwiba wa mkonge ukikuchoma, unasafishwa na kufungwa bandeji. Mkeo akishikwa uchungu usiku, kuna mtu wa kugongewa mlango.

Ni rahisi kulisikia hilo na kudhani ulikuwa wema, na mimi mwenyewe nilianza kuandika hivyo. Mzee mmoja aliyekuwa fundi wa korona akanisahihisha. "Mjukuu wangu," alisema, "mashine ikiharibika nilikuwa naitengeneza siku hiyohiyo. Nilikuwa siipendi. Nilikuwa naihitaji." Dawa ilikwenda kwa mwili unaofanya kazi. Mtu akizeeka, au akikatwa mkono na mashine, kipande chake kilikwisha na mstari wa dawa ukawa si wake tena.

Ila dawa ilikuwepo, na wanaoniambia hivyo ni watu waliopita vipindi vyote viwili.

Mashamba yalipotaifishwa mwaka 1967, mwenye shamba alibadilika. Dirisha la dawa lilibaki palepale. Nje ya mashamba serikali ilijenga zahanati vijijini na vituo vya afya kwa kasi ambayo nchi haikuwahi kuiona. Katika miaka ya 1970 idadi ya vituo vya afya vijijini iliongezeka zaidi ya maradufu. Matibabu katika hospitali za serikali yalikuwa bure. Bibi, ambaye ni Mbondei na hakuwahi kuajiriwa na shamba, ananiambia kwamba ni katika miaka hiyo ndipo alipotibiwa kwa mara ya kwanza bila kuulizwa ni mke wa nani.

Halafu ikaja miaka ya 1980. Bei ya mafuta, vita vya Kagera, madeni, mazao yasiyo na bei. Mwaka 1986 serikali ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na mambo mengi yaliyokuwa ya umma yakaanza kupimwa kwa gharama zake. Mwaka 1993 ukaanza utaratibu wa wagonjwa kuchangia gharama katika hospitali za serikali. Sera iliwasamehe wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano, wenye magonjwa fulani na wasio na uwezo kabisa. Lakini mtu mzima aliyefanya kazi miaka 40, mwenye nyumba ya udongo na miti sita ya michungwa, utamthibitishaje saa nane za usiku kwamba hana uwezo?

*

Babu alikuwa na ngiri. Alikuwa nayo kwa miaka, akiibana kwa kitambaa. Mwaka 1996 zahanati ya shamba ilikuwa jengo tupu. Mlango ulikuwa umeng'olewa ukapelekwa kuwa mlango wa mtu. Usiku mmoja ngiri ikambana, tumbo likavimba, akaanza kutapika. Walimbeba kwa pikapu ya kukodi hadi hospitali moja ambayo siitaji kwa jina, kwa kuwa kosa halikuwa lake peke yake.

Bibi hakumbuki kiasi alichoambiwa. Anakumbuka orodha: glovu, nyuzi, maji ya dripu, na malipo ya kupasuliwa. Anakumbuka alirudi kijijini kwa miguu alfajiri kutafuta fedha, akagonga mlango mmoja baada ya mwingine. Mmoja alimpa, mwingine alimwambia ngoja kuche. Alipofika hospitali asubuhi na nusu ya kiasi, Babu alikuwa amekwisha kufariki.

Hapa ndipo hadithi ya nyumbani kwetu inapoingia kwenye tasnifu, ingawa msimamizi wangu ananishauri niwe mwangalifu. Taarifa ilifika kijijini kama saa mbili. Ilipofika saa nne, chama cha kuzikana kilikuwa kimekamilisha fedha. Nililiona jina la Babu kwenye daftari lao, ukurasa uliokunjwa kona: kila kaya shilingi 200, alama ya vyema mbele ya kila jina, na chini matumizi yamepangwa. Sanda. Mbao. Mafuta ya gari. Mchele. Babu alizikwa baada ya Alasiri kwa heshima zote.

Waliochanga saa nne ni walewale waliogongewa milango alfajiri. Fedha ya kumzika ilipatikana kwa saa mbili. Ya kumpasua haikupatikana usiku kucha.

Kwa miaka mingi niliposimuliwa habari hii niliwakasirikia. Nilidhani ni watu wanaopenda maiti kuliko mgonjwa.

*

Mwaka huohuo wa 1996, mamia ya kilomita magharibi, wilayani Igunga, serikali ilikuwa inaanza kujaribu Mfuko wa Afya ya Jamii. Wazo lake lilikuwa jepesi: kaya ilipe mara moja kwa mwaka, wakati ina fedha, itibiwe mwaka mzima. Mwaka 2001 mfuko ukatungiwa sheria na kuenezwa wilaya nyingine. Watumishi wa umma nao wakapata mfuko wao, ule wa taifa, wa kukatwa kwenye mshahara. Nchi moja ikawa na mifuko miwili, mmoja wa wenye mshahara na mwingine wa wenye jembe.

Kadi ya awali ya mfuko wa jamii ilitibu kwenye kituo ulikoandikishwa. Bibi aliikata mara moja. Alipokwenda na kadi yake akaambiwa dawa zimekwisha, akanunue duka la dawa. Mwaka uliofuata hakuilipia tena, na majirani zake nao hawakuilipia. Wataalamu wana maelezo ya jambo hilo: wenye afya wakijitoa, wanabaki wagonjwa; wakibaki wagonjwa, fedha haitoshi; fedha isipotosha dawa hukosekana; dawa zikikosekana, hata wagonjwa huondoka. Mwaka 2018 mfuko uliboreshwa, ada ikawekwa shilingi 30,000 kwa kaya isiyozidi watu sita, na kadi ikaruhusiwa kufika hadi hospitali ya mkoa. Ulikuwa mfuko bora kuliko wa kwanza, lakini jina lilikuwa lilelile, na watu waliulipia kwa kusitasita.

Ndipo Novemba 2023 Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Mjadala ulikuwa umeanza mwaka uliotangulia, na katika mjadala ule kilitajwa kiwango cha shilingi 340,000 kwa kaya ya watu sita. Kiwango hicho ndicho kilichokuwa midomoni mwa watu pale chini ya mwembe, hata afisa aliposema kwamba viwango vitatangazwa kwa kanuni.

Jioni baada ya kikao nilikwenda kijiweni. Kahawa ilikuwa chungu na maneno yalikuwa mengi.

Kijana wa bodaboda alisema yeye haumwi, kwa nini alipe. Mwalimu mstaafu, mwenye kadi ya mfuko wa taifa, akamwambia: "Unaendesha pikipiki bila kofia, halafu unasema huumwi?" Kicheko. Lakini mwalimu naye alikuwa na lake. Aliwahi kufika dirishani na kadi akaambiwa dawa yake haimo kwenye orodha. Mama mmoja anayeuza machungwa kwa jumla alisema yeye hakatai kulipa, anachotaka ni kulipa msimu wa machungwa. "Waje mwezi wa saba wanikute na fedha. Wakija mwezi wa pili watanikuta na madeni."

Nikawaeleza nilichosoma: kwamba wasio na uwezo watalipiwa na mfuko maalumu, na kwamba sheria imetaja vyanzo vyake, vikiwemo sehemu ya ushuru wa soda, pombe na vipodozi, na kodi ya michezo ya kubahatisha.

"Kwa hiyo nikibeti," akasema yule wa bodaboda, "namtibu Bibi yako?"

"Ukibeti ukaliwa," akajibu mwalimu.

Fundi wa korona alikuwa kimya muda wote. Mwishoni akasema kwamba shamba lilituahidi, likafa. Serikali ya mwanzo ilituahidi, na ikatimiza, kisha ikachoka. Mfuko ulituahidi, ukakosa dawa. "Mimi sisemi hawa ni waongo," alisema. "Nasema wote waliondoka, na sisi tupo."

*

Siku iliyofuata nilimfuata mhazini wa chama cha kuzikana, mama wa makamo anayelitunza daftari ndani ya mfuko wa nailoni ili lisilowe. Nilimuuliza kile nilichotaka kumuuliza mtu tangu utotoni. Kwa nini mnachangia maiti na hamchangii mgonjwa?

Hakukasirika. Alisema walishajaribu. Miaka kama kumi iliyopita waliamua kumsaidia kila mwanachama anayelazwa. Mwezi wa kwanza walisaidia watu wawili. Mwezi wa pili watu watano. Mwezi wa tatu mmoja wao alihitaji kwenda Dar es Salaam, na fedha yote ikaisha kwake, na bado hakupona, na mwezi wa nne akafariki mwanachama mwingine na chama hakikuwa na hata ya sanda.

"Maiti ana bei, mwanangu," aliniambia. "Tunaijua. Na kila mtu ni maiti mara moja tu. Mgonjwa hana bei. Anaweza kuumwa leo, akaumwa kesho, akaumwa miaka kumi. Kaya zetu 60 haziwezi kumbeba mtu wa namna hiyo. Si kwamba hatumpendi."

Nimesoma makala kadhaa za uchumi wa afya kwa ajili ya tasnifu hii. Hakuna iliyonieleza vizuri zaidi kwa nini bima ya afya inahitaji nchi nzima na haiwezi kuachiwa kijiji. Kaya 60 zinaweza kulimudu tukio linalojulikana gharama yake. Gharama isiyo na mwisho inahitaji chungu kikubwa: wenye mishahara na wenye majembe, vijana wa bodaboda na wazee wa presha, wote ndani ya chungu kimoja. Yule mama alilijua hilo kwa hesabu ya daftari lake. Na hasira yangu ya miaka mingi dhidi ya majirani wa Babu ikakosa pa kukaa. Usiku ule walipogongewa milango hawakuwa wamemkataa Babu. Walikuwa wanaombwa kufanya kazi ya serikali, saa kumi alfajiri, kwa fedha ya mfukoni.

Ndiyo maana naona tunakosea tunapowaendea watu wa miji midogo kwa kile tunachokiita elimu ya bima, kana kwamba tatizo lao ni kutoelewa. Watu wa kambi za mkonge wameishi chini ya namna tatu za kutibiwa, na kila moja wameiona ikizaliwa na ikifa. Wanajua kuchanga. Wanajua kwamba mzima humlipia mgonjwa. Kinachowatia shaka ni mwenye chungu, na shaka hiyo wameipata kwa uzoefu. Daftari la kuzikana limedumu kwa kuwa kila mwanachama anaweza kulifungua, anamjua mhazini anakoishi, na akifa hakuna anayemwambia kwamba sanda zimekwisha.

Sidhani kwamba daftari hilo linaweza kuchukua nafasi ya sheria. Mhazini mwenyewe amenithibitishia kwamba haliwezi. Lakini kabla ya kuwaambia watu wajiandikishe, ni haki yao waonyeshwe daftari: kilichochangwa ni kiasi gani, dawa zilizonunuliwa ni zipi, na zikikosekana nani atajibu.

*

Kabla sijarudi chuoni, Bibi aliniuliza kama ninayo namba ya simu ya yule afisa. Ninayo, alitugawia wote. Akaniambia nimwandikie lile swali lake, vizuri, kwa adabu, nianze na salamu. Bibi ana presha. Kila mwezi ananunua vidonge vyake, na mwezi fedha ikipungua humeza siku moja na kuacha siku moja. Nimemkataza, ananikubalia, kisha anafanya vilevile.

Nikaandika. Nikamsomea kabla ya kutuma. Akaniambia niondoe neno "uendelevu", halielewi, niweke "atakuwepo" kama alivyosema.

Jibu lilikuja kesho yake, nikiwa ndani ya basi karibu na Segera. Afisa alimshukuru Bibi kwa swali, akasema hata yeye hajui, lakini ataliuliza kwa wakubwa wake na ataleta jibu kwenye kikao kijacho.

Nilimpigia Bibi nikamsomea ujumbe. Akakaa kimya kidogo.

"Ni kijana mzuri," akasema. "Hajasema ndiyo."

Kisha akaniuliza kikao kijacho ni lini.